Fulana Yenye Neno Kongosho

3 Machi

Mwanangu,

Marahaba kwa salamu zako. Nyumbani wote wazima, ila mimi ni mzima wa mdomo tu. Daktari anasema ni saratani ya kongosho. Umri wote huu sikujua hata kama ninalo! Anasema dawa ya maana hakuna, wataalamu bado wanatafuta. Wewe si unafanya kazi maabara ya saratani? Hebu waulize wamefika wapi.

Cherehani haijalala. Nashona fulana za matembezi ya saratani ya matiti, na shangazi yako atatembea.

Baba yako

19 Machi

Baba, shikamoo. Mama hajambo? Chakula kinapita? Usinidanganye.

Nimeuliza. Huku ghorofa nzima ni ya matiti, mashine mpya tupu. Kongosho walikuwa na chumba kimoja. Ufadhili ukakatwa, sasa tunarundika humo viti vibovu. Bosi anasema pesa hufuata wenye sauti. Waliopona matiti wanaandamana, wanachangisha. Wa kongosho hawaishi muda wa kutosha kuandamana.

Nimelia chooni, Baba.

Binti yako

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Usilie chooni, utaleta foleni. Wala usiwaonee kijicho kina mama wale. Shangazi yako yuko hai kwa hizo hizo pesa.

Nasi tutaandamana. Kitambaa kilichobaki nimekishonea fulana mbili, yangu na yako, mgongoni nimedarizi KONGOSHO. Yangu nimeibana mara mbili na bado inanipwaya. Nikipata nguvu nitaivaa hadi kwa muuza vifungo pale kona, nirudi.

Sitaki kufa, mwanangu. Naogopa.

Baba

28 Aprili

Baba, shikamoo.

Najua hakuna wa kuitikia. Simu ya Mama ilitangulia, furushi lako likafuata. Fulana zimo zote mbili. Mama anasema hukuwahi kufika pale kona.

Jumamosi ghorofa yetu yote ilikwenda kwenye matembezi ya matiti. Nilijaribu yangu, ikanipwaya. Nikavaa yako, ikanikaa sawasawa. Nililia mpaka macho yakavimba, kisha nikatoka hivyo hivyo.

Njiani mama mmoja aliyepona, mpole kweli, akasoma mgongo wangu. Akaangaza nyuma yetu, akaniuliza, "Wenzako wako wapi, binti?"

Nikasema wanakuja.

Binti yako