Aliyekuwa Akiandika kwa Jina Lako

Kaka Deo,

Kuna mtu alikuwa anatumia jina lako. Nimekaa na jambo hili tangu masika, na wa kumweleza kwa uhuru ni wewe tu, uliyenifundisha kazi.

Lilianza na Veronika, binti wa kijiji kimoja kule chini ya Matai. Mhudumu wa afya wa kijiji alimsajili kwenye programu yetu kama mjamzito aliyekaribia kujifungua, ili gari la wagonjwa limfuate. Jina likasafiri hewani, likafika kwenye kanzidata, nami nikaliona hapa ofisini Mazwi kwa macho yangu. Kesho yake halikuwepo. Dereva wa gari la wagonjwa hakuliona kwenye simu yake, hakwenda. Veronika alijifungulia kando ya barabara, ameshushwa kwenye bodaboda, mvua inanyesha. Mtoto ni mzima. Mama yake Veronika alinipigia akaniuliza, "Nyie mliandika jina la mwanangu mkalifuta kwa sababu gani?"

Nikafungua kumbukumbu za seva kutafuta aliyefuta. Akaunti: Deo.

Tulishakuzika, Kaka.

Nikamshuku Lusekelo. Humjui, ni kijana kutoka Mbeya, aliletwa baada ya msiba, akakalia kiti chako na kurithi kompyuta yako. Mpole mno. Mtu anayesema "pole na kazi, dada" kila asubuhi, mimi nikajiuliza anaficha nini. Nikahamisha meza yangu niwe naona kioo chake. Nikabadilisha neno la siri la akaunti yako, nikamwambia yeye peke yake, kama mtego. Jumapili majina yakapotea tena. Nikasema, basi, nimemkamata.

Ila sikumkamata. Siku iliyofuata alikuwa amesimama mbele yangu, kikombe cha chai mkono mmoja na chapati mwingine, akinisimulia habari za mvua ya Tukuyu. Nyuma yake, kwenye kompyuta yangu, majina ya Kalambo yakaanza kupotea. Juu ya kioo pakatokea: "Deo anaandika." Nilihisi baridi mgongoni, na si ile baridi yetu ya Ufipa.

Ndipo nikakushuku wewe. Nisamehe. Nilidhani labda uliacha mlango wa nyuma, labda uliwahi kumpa mtu ufunguo usiniambie. Nikachimba tena kumbukumbu, safari hii nikitafuta ni chombo gani kinachoandika. Ilikuwa simu yako. Ile ile yenye ufa.

Nilimpigia Elias, mdogo wako. "Simu ilipotea msibani, dada," alijibu, haraka kuliko swali lilivyohitaji. Hakuuliza hata kwa nini naitafuta. Asubuhi nikapanda gari la Kirando, kwenu.

Mama yako alinipokea vizuri. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia, akanikaribisha ugali na dagaa. Nilipotaja simu, mkono wake ukaenda kiunoni, kwenye fundo la kitenge.

"Mmekuja kuichukua," akasema.

Ilikuwepo hapo, Kaka. Elias alidanganya kwa sababu Mama ndiye aliyemwomba. Mama huwa anaipeleka dukani kuchajiwa, akiiwasha anasikiliza ujumbe wa sauti uliomtumia shangazi yako, ukimtania. Na ikishawaka, ikipata mtandao, programu yetu inaamka yenyewe na kutuma orodha uliyoiacha siku ulipougua. Wewe uliijenga hivyo kwa sababu ya mtandao wetu wa kubahatisha: "Simu ndiyo iko kijijini, seva iitii simu." Na yako ilikuwa na mamlaka ya vijiji vyote. Seva ikatii. Orodha ya zamani ikalala juu ya mpya, kila aliyesajiliwa baada yako akafutika. Neno la siri jipya halikuizuia, kwa kuwa simu yako haikuwahi kutoka ndani ya mfumo.

Nilimweleza Mama taratibu. Akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu alikuwa anawaumiza watu?" Nikamwambia hapana, mama, simu tu. Nikamwahidi sauti zitabaki.

Nikafungua kompyuta palepale mkekani, nikaenda kwenye orodha ya wenye ruhusa. Nilipobonyeza jina lako, likatokea swali uliloliandika wewe mwenyewe: "Una uhakika unataka kumwondoa huyu?"

Mama akanishika bega. Nikabonyeza ndiyo.

Sasa hakuna simu inayofuta jina mpaka mhudumu wa kijiji husika athibitishe. Lusekelo ndiye aliyenisaidia kuliandika hilo. Anasema bado namchungulia, na ni kweli, nimekuwa mtu wa kushuku kila kinachoingia. Nakuahidi nitabaki hivyo, asije mwingine akaachwa barabarani. Na Mama nitakuwa naenda kumwona.

Pumzika, Kaka. Kazi tunayo sisi.

Mwanafunzi wako,
Anitha