Mtaro Tulioufukia Wenyewe

Jumanne, Nunguni

Yule madam wa serikali anayechunguza ajali za kazini alikuja leo, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Mtaro uko wapi?"

Alikuwa amesimama juu yake.

Tuliufukia siku ile ile tulipomtoa Mutua, mdogo wangu, chini ya udongo. Sisi hatuachi wazi mahali mtu amefia. Pasta aliomba, tukashika majembe, na mwajiri wetu akaleta tingatinga lake limalizie. Nilimshukuru nikilia. Sasa ningeirudisha hiyo asante.

Madam akauliza mtaro ulikuwa na kina gani. Mwajiri akaweka mkono kifuani. "Hapa tu. Kijana aliteleza."

Wenzangu wakaangalia viatu vyao. Mabomba ya maji tunayochimbia mitaro hayajafika mwisho, na ni mwajiri anayechagua nani aitwe kazi kesho.

Mimi nikasema mtaro ulikuwa unatupita kimo sisi wote, na kuta hazikuwa zimeshikiliwa hata na ubao mmoja. Nikanyoosha mkono juu mpaka mwisho, nimwonyeshe.

"Kuna mwingine aliyeona hivyo?" madam akauliza.

Tuliomchimbua Mutua kwa mikono tulikuwa hapo wote. Kioko, aliyemshika miguu, akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Nilikaa na mkono juu, peke yangu. Halafu nikaushusha.