Kukamua mapicha ya camion za Baba

Vulamba, siku ya ine

Mais huyu Baba! Asubuhi nilimuambia nitakamua mapicha ya camion zake kwenye site yetu ya internet, yapunguze uzito. Akaacha chai. "Zaituni, camion ya tani makumi tatu unataka kuifanya pikipiki?"

Nikamueleza polepole: camion inabaki ile ile, picha tu ndiyo inakuwa nyepesi, kama nguo zikikunjwa vizuri ili valizi ifunge. Hakuniamini. Mutu wa camion hapendi kusikia neno "nyepesi".

Mimi sikucheka sana. Nafasi yetu kwa serveur, ile mashini inayobeba site, ilikuwa imejaa, na baclients ba Eringeti benye kukodi camion banachoka kungojea picha ifunguke. Tena sauvegarde, ile kopi ya akiba ya site yote, ilikuwa nzito, kila mara nikiituma reseau inaikata njiani. Siku site itaanguka, kazi yangu ya miaka mbili... Niliogopa kweli, hata kama sikumuonyesha Baba.

Basi nikakamua mapicha yote, kisha site nzima nikaifunga katika fichier, faili moja ndogo. Nikaituma kwa dada Mwajuma kule Mavivi, aichunge katika kompyuta yake. Kabla ya saa sita akaandika: "Imefika yote, na imefunguka." Nikapumua.

Nikaita Baba. Akavaa miwani, akakuza picha, akatafuta kasoro. Akaona kila tairi, kila namba ya plaque, hata alama ya fasi camion iligonga ukuta wa depo, siku yeye mwenyewe alikuwa ku volant, akiendesha.

Akavua miwani. Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Hii picha, binti yangu, ungeikamua zaidi kidogo."