Kalenda Nne za Nyumba ya Kisian

Jumamosi, 5 Aprili 2025

Leo tumeona nyumba ya kununua. Iko Kisian, juu kidogo ya barabara ya Maseno, na ina chumba kimoja cha ziada. Baba akanionyesha kwa kidole: hiki chako, Wamucii. Dirisha linatazama ziwa. Nina miaka kumi na minane na sijawahi kulala mahali ambapo watu hawapiti kwenda jikoni. Hapa Kaloleni, Kisumu, kitanda changu ni kochi la sebuleni. Mgeni akichelewa kuaga, nami nachelewa kulala.

Nilibaki mle chumbani peke yangu. Nikafungua daftari hili (naenda nalo kila mahali — watu hawamsemeshi mtu anayeandika) na nikaegemea ukuta, kalamu mkononi. Ukuta ni wa mbao. Kalamu ikaingia. Sikusukuma! Iliingia kama kijiko kwenye uji, yote. Ni ile ya mtihani wa Kidato cha Nne, yenye karatasi ya jina langu. Nikajaribu kuichokoa kwa kucha, ikazama zaidi. Udongo wa mchwa ukamwagika kwenye kiatu changu.

Wakubwa wakaja. Nikasimama mbele ya shimo. Mzee Dishon, mwenye nyumba, akauliza nakionaje chumba. Nikasema kizuri.

Naandika haya kwa penseli.

Jumapili, 6 Aprili

Tumerudi Kisian na Mama baada ya kanisa. Pale nilipotoboa pametundikwa kalenda. Jana hapakuwa na kitu. Ina picha ya askofu anayetabasamu, ya mwaka 2016. Nikazunguka vyumba. Kalenda nne, maaskofu wanne, hakuna hata moja ya mwaka huu.

Mama akasema, Mzee, unapenda kalenda. Mzee akajibu kwamba siku ni za Mungu, hazizeeki. Mama akacheka, akagongagonga kila ubao isipokuwa wenye askofu. Nani atamwinua askofu achungulie nyuma yake?

Mzee akanitazama. Nikatazama ziwa. Sasa tuna siri, mimi na yeye, na hatujawahi kusemezana zaidi ya "kizuri".

Jumanne, 8 Aprili

Nikisema, sina chumba. Nisiposema, nyumba itamwangukia Mama. Nimeomba. Sijajibiwa.

Wakati wa chai nilijaribu. "Baba." "Eeh?" "Nikuongeze chai?" Mara tatu. Baba anasema siku hizi nina adabu sana.

Kwa hiyo nimeandika karatasi, nimeitia kwenye mfuko wa koti lake: Angalia nyuma ya kalenda. Fupi, bila jina. Asipoelewa, si kosa langu.

(Nadhani ni kosa langu.)

Jumatano, 9 Aprili

Baba ameangalia nyuma ya kalenda. Yetu, ya hapa Kaloleni. Kulikuwa na mjusi. Wameogopana. Kikombe kimoja kimevunjika.

Ijumaa, 11 Aprili

Dani Benta, nyanya yangu mzaa mama, alikuja kutusalimia. Tukala samaki. Baba akaisifu nyumba: kavu, imara, Mzee ameapa hajawahi kuona mchwa hata mmoja. Kesho tunatia sahihi.

Dani akaweka chini kichwa cha samaki. "Kisian. Mvua za Aprili. Na hakuna mchwa."

Dani habishani na Baba. Baba ni mkwe wake, tena mtu wa Nyeri, kwa hiyo anamheshimu mara mbili na kumtazama viatu tu. "Sawa, Baba Wamucii," akasema. "Kesho nitakuja niwaulize wenyewe."

Baba alidhani anasema majirani.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua ilinyesha asubuhi, kisha jua. Dani akafika Kisian na vijiti viwili na karai. Kwao ndivyo wanavyotega kumbikumbi: unagonga, mchwa chini wanadhani ni mvua, wale wenye mabawa wanatoka, unawakaanga. Baba, miaka ishirini Kisumu, alidhani Dani anabariki nyumba. Akavua kofia.

"Nyakwara," Dani akaniambia, "mjukuu wangu, tuanzie wapi?"

Wote wakanitazama. Mzee Dishon kuliko wote. Macho yake yalikuwa yananiomba. Nikachukua karai na vijiti. Nikaenda chumbani — changu — nikaketi chini ya askofu wa 2016, nikagonga mwenyewe.

Dakika kumi, hata mdudu mmoja hakutoka. Mzee akaanza kutabasamu. Kisha askofu akatikisika. Bawa moja likatokeza kando ya sikio lake. Kisha mawili. Kisha chumba kizima kikawa mabawa.

Hapo mlango wa jikoni ukafunguliwa, akaingia jirani, Mama Nangila, na sufuria. "Mzee, leo hata hukutuita? Na chumba hiki ndicho hutoa wanono!" Nyuma yake wanawake watatu na mabeseni. Walijua njia.

Mzee akamgeukia Baba. "Bwana Wahome, sikuficha. Nilipamba tu."

Kalenda ikaanguka, na kipande cha ubao, na kalamu. Baba akaiokota. Mchwa walikuwa wamekula jina, limebaki "Wamu".

"Iliingia lini?"

"Jumamosi iliyopita. Na ile karatasi niliandika mimi." Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. Mama Nangila akaacha kuokota.

Baba akafikiri. "Na mjusi?"

"Mjusi simjui, Baba."

Akanirudishia kalamu.

Sasa nimekaa juu ya ndoo, hapa hapa chumbani, naandika nayo. Bado inaandika. Dani anakaanga jikoni. Mama anasema turudi Kaloleni sasa hivi. Baba, ambaye siku zote anasema wadudu si chakula, yuko kwenye kiganja cha tatu cha kumbikumbi na anamuuliza Mzee ni kuta ngapi za mawe. Mzee anahesabu polepole mno.

Ziwa linaonekana vizuri kutoka hapa.

Baba amekuja mlangoni. Ana karatasi za mauzo kwapani. Ananyoosha mkono, anataka kalamu. Hajasema kama ni ya kutia sahihi au ya kutoboa ukuta wa jikoni. Nampa