Nilimsoma Kwamboka wa Mwisho

Mpendwa Shangazi Tryphosa, nisaidie kabla sijapeleka barua ya kuacha kazi. Mimi ni mwalimu katika shule ndogo ya watoto wenye ulemavu wa akili huku Manga, tuna wanafunzi kumi na tisa, wavulana kumi na wanne na wasichana watano tu, si kwamba wasichana hawazaliwi hivyo bali wengi hufichwa nyumbani, na huyo wa tano, Kwamboka, wa miaka kumi na miwili, nilimfuata mwenyewe kwao mara tatu hadi baba yake akakubali. Siku ya kufunga shule muhula uliopita wazazi walijaa, mkuu wa shule akataka tusome matokeo kama shule zingine, wa kwanza hadi wa mwisho, watu wapige makofi, nami nikijua kabisa fomu ya alama ina kusoma na hesabu peke yake nikasimama nikasoma, nikafika mwisho, Kwamboka, sifuri, na mtoto akainuka akitabasamu kwa kuwa alisikia jina lake, wazazi wakacheka. Baba yake, Mzee Nyakundi, alimshika mkono akaniambia, "Mwalimu, si ni wewe ulikuja kwangu ukasema huyu mtoto ataweza? Leo umesema mbele ya watu yote yeye ni sifuri. Sasa nirudishe yeye kufanya nini?" Hii ni wiki ya tano tangu tufungue, hajaja, na jirani anasema hufungiwa chumbani mama yake akienda kuchuma chai. Mtoto huyu alikuwa ameshajua kwenda choo peke yake na kuwaita wenzake kwa majina, lakini hayo hayana nafasi kwenye fomu. Shangazi, naona nimemzika akiwa hai. Niache kazi?

Mwalimu Adongo, Manga

Mwalimu Adongo, pole, ingawa pole yangu kubwa ni ya Kwamboka. Mkuu alikuamuru, sawa, lakini mdomo ulikuwa wako. Ulijua fomu haimwoni yule mtoto na bado ukaisoma. Maji yakimwagika hayazoleki, sitakudanganya kwamba baba yake atasahau.

Kuacha kazi kutakupumzisha wewe tu. Hao wasichana wanne waliobaki, na wale ambao bado wamefichwa, watafuatwa na nani?

Jumamosi hii nenda kwao. Usipige simu, wala usitangulize chifu, mkosaji haendi na askari. Kosa ulilifanya hadharani, basi usiombe msamaha kwa kunong'ona jikoni; omba watu wa boma waitwe, usione haya, useme "nilikosea", kisha umtajie Mzee Nyakundi kila jambo binti yake aliloweza. Akikufukuza, rudi Jumatatu na afisa wa watoto, maana uchungu wa baba haumpi ruhusa ya kufungia mtoto. Na orodha ile ya wa kwanza hadi wa mwisho, mwambie mkuu wako hutaisoma tena.

Usingoje moyo utulie kwanza. Huenda usitulie kamwe, na mtoto amefungiwa sasa hivi.