Stika Ipo Kiooni, Breki Hazipo

Mama Marta, mshauri wetu wa redioni,

Shikamoo. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, nakaa Misunkumilo hapa Mpanda, naomba unisaidie kabla sijafanya ujinga mwingine juu ya huu niliokwisha kuufanya. Majina nimebadilisha yote, hata langu.

Mume wangu Damiano ana gari la mwaka 1958 alilorithi kwa marehemu baba yake, analipenda kuliko mtu, analiosha kabla hajanawa uso, na mwezi ujao anataka limpeleke binti yetu Glory kanisani Mamba akaolewe, yeye na shangazi zake wawili na mimi nikae mbele, na shida ni kwamba gari hilo halina breki. Sisemi breki mbovu, mama, nasema hazipo. Baada ya Pasaka tulikwenda Mamba kuonana na wakwe, wakati wa kurudi tukawa tunashuka kwenye daraja moja karibu na Kasansa, nikamwona anakanyaga, anakanyaga tena, mguu unazama kama kwenye tope, akakata kona tukaingia kwenye shamba la mahindi la watu, kilichotusimamisha ni kichuguu. Yeye akasema, "Barabara hii wameiharibu sana."

Nikajipa moyo kwamba ukaguzi uko karibu, watalizuia. Mkaguzi ni mtu wanayefahamiana, akaja nyumbani badala ya gari kupelekwa kwake, akalizunguka, akapiga honi, akawasha taa, akasifia rangi, akasema magari ya siku hizi ni makopo ukilinganisha na hili, halafu akakaa mezani akala kuku niliyempika mimi mwenyewe, na chai ilikuwa haijapoa stika ilishabandikwa kioo cha mbele. Gari halikusogea hata hatua moja. Nilipouliza, "Breki mmezijaribu lini?" mume wangu akanionyesha stika kwa kidole akasema, "Mama Glory, kati yako na serikali, nani anajua magari?" Tangu hapo kila nikifungua mdomo najibiwa na hiyo stika.

Kuna fundi jirani yetu, Libérat, mtu wa makazi ya wakimbizi ya Katumba aliyekuja mjini kwa kibali kufanya kazi, ndiye aliyeingia uvunguni mwa gari akatoka mkono umelowa mafuta ya breki, akaniambia taratibu, "Mama, hii isitoke hapa mpaka tufungue yote." Damiano akasema huyo anatafuta kazi tu. Ndipo nikaona mume simuwezi, nikafanya la kwangu. Libérat aliwahi kutuonyesha kidude kinaitwa rota, kidogo tu, ukikitoa gari haliwaki. Nikakitoa siku ya Ijumaa Damiano akiwa shambani, nikakificha kwenye debe la mchele.

Mama Marta, sikufikiri mbele. Jumamosi gari likakataa kuwaka, Damiano akafungua boneti akaona rota haipo, akaenda moja kwa moja kwa Libérat akamwita mwizi mbele ya majirani. Libérat hakupandisha sauti, alisema tu, "Mzee, ningekuwa mwizi ningechukua matairi." Damiano akaapa atakwenda kwa mkuu wa makazi kibali chake kifutwe. Mke wa Libérat, Goreth, alikuja kwangu analia, ananiomba nimsemee kwa mume wangu, na mimi nikampa unga kilo mbili nikamwambia nitaona, na rota iko hatua tatu kutoka alipokaa.

Nikisema, gari litawaka na mtoto wangu atapanda. Nikinyamaza, mtu asiye na kosa anafukuzwa pamoja na watoto wake. Na Damiano ameshaagiza rota nyingine Tabora, inakuja na treni. Nifanyeje?

Skolastika, Mpanda

*

Skolastika,

Marahaba. Nimekusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nikakasirika, na nitaanza na hasira kwa sababu ndiyo yenye haraka.

Hofu yako ni ya kweli. Mama aliyeingizwa na gari kwenye mahindi ya watu haambiwi ni mwoga. Lakini ulichofanya ni kuuchukua mzigo wako ukamtwika mtu pekee aliyekuambia ukweli kuhusu gari hilo. Wewe ukijulikana utanuniwa wiki mbili. Yeye atapoteza kazi, nyumba na mji. Mke wake alikuja kutafuta neno lako, ukampa unga. Huo unga, mwenzangu, ulikuwa wa kujifariji wewe.

Halafu unasema umebadilisha majina. Magari ya mwaka 1958 yanayosubiri kupeleka bibi harusi Mamba, hapo Mpanda yako mangapi? Mtaa wako umekwisha kukujua wakati ninasoma. Kwa hiyo swali la kusema au kunyamaza halipo tena. Limebaki la nani atamfikia Libérat kwanza, wewe au maneno.

Kuhusu mkaguzi: ukaguzi ambao gari halikutembea ni ugeni tu. Hiyo stika inathibitisha kwamba mtu alikuja akaondoka. Na nyie wenye magari ya baba zenu mnaojivunia chuma kinene, uzito hausimamishi gari, unaongeza tu kishindo.

Jambo moja limenishangaza zaidi. Barua yako imemtaja kila mtu amefanya nini na kusema nini, isipokuwa Glory. Anaolewa, ni mtu mzima, na hakuna aliyemwambia anapandishwa kwenye nini. Mwambie leo. Baba anaweza kumjibu mkewe kwa kidole. Bintiye akimwambia, "Baba, sipandi mpaka nilione linasimama," atalazimika kutafuta jibu.

Sasa fanya hivi. Rota uirudishe kwa mkono wako mwenyewe, mbele ya majirani wale wale, useme, "Niliichukua mimi." Usianze na "kwa sababu" mpaka Libérat ameombwa radhi, na wewe, na Damiano pia. Kisha Libérat afungue breki zote kama alivyotaka tangu mwanzo. Zikifungwa, Damiano aliendeshe peke yake uwanjani, mstari uchorwe chini, alisimamishe pale mara kumi. Likipita mstari hata mara moja, bibi harusi ataenda kwa lori la mpunga lililowekewa viti, na ndoa itakuwa ndoa ile ile. Likisimama mara zote kumi, lipelekwe kwa mkaguzi upya, mchana, mezani pasiandaliwe kitu.

Na wewe Damiano, kama umekaa karibu na redio, usimpigie mkeo kelele leo. Ungemsikiliza siku ile alipokuuliza habari za breki, asingegusa gari lako.

Skolastika, huna haja ya kupanga maneno. Nyumba ya Libérat ni ya jirani. Zima redio, uende.