Samaki Dume na Mtoto wa Feza

Jumatatu, 3 Machi
Uji, dawa ya presha, redio. Mjukuu analia tangu alfajiri. Mwanangu Assani anamnywesha maziwa kwa kijiko. Mkewe, Feza, tulimzika mwezi uliopita: alijifungua, akafa. Mama yake Feza anakuja kwa treni kutoka kwao Tunda kumchukua mtoto. Kwetu ndivyo ilivyo: mtoto wa namna hii hulelewa kwa bibi yake mzaa mama. Assani hataki. Mimi pia sitaki.

Jumatano, 5 Machi
Namkumbuka samaki mmoja wa Tanga. Miaka ya vita nilikuwa mkimbizi huko, nikiosha matangi ya muuza samaki wa mapambo. Urefu wa kidole. Kichwa kikubwa, macho yametokeza, taya pana kupita kiasi. Kwao ni mchangani, karibu na matumbawe, kwenye maji ya kina kifupi. Huchimba tundu la wima kwa mdomo, hulijengea kwa changarawe na vipande vya kombe. Huchungulia mlangoni, akishtuka, hurudi ndani kinyumenyume. Mayai hubebwa na dume, mdomoni, mpaka yaanguliwe. Baba.

Ijumaa, 7 Machi
Kikao. Mama Feza alikuja na dada zake wawili. Badala ya kusema neno la mzazi, nikaeleza habari za yule samaki. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.
— Baba Assani, ule samaki yako, maziwa anatosha wapi? Anaitoa wapi?
Dada yake akaongeza:
— Huku ku Lualaba, mama njo anabeba. Baba anabeba tumbo yake tu.
Walicheka. Nilicheka nao. Aibu. Wataondoka na mtoto treni ikipatikana.

Jumapili, 9 Machi
Treni hakuna. Mama Feza analala kwetu. Mchana kutwa anamtazama Assani: anachemsha maji, anafua nepi, anambembeleza mtoto. Mtoto akipakatwa na wale dada, analia. Kwa baba yake, kimya.
— Mufunge ku mugongo, Assani. Uko unamubeba kama muhogo.
Mama Feza akamfunga mwenyewe mgongoni pa Assani, kwa kitenge chake. Naogopa kutumaini.

Jumatano, 12 Machi
Treni imeondoka asubuhi. Mama Feza na dada zake wamepanda mikono mitupu. Stesheni alimwambia Assani:
— Akianza kutambaa, unamuleta nimuone. Kisha unarudi naye.
Nilishukuru kwa niaba yake.
Sasa mvua. Baba na mtoto wamelala. Nimefunga dirisha taratibu.